Kuhama Dar kwenda mji mdogo wa jirani: namna ya kuchagua mji utakaokupokea

Siku tuliyohamia Kibaha, kenta ya mizigo ilifika saa mbili usiku na umeme umekatika. Kabla dereva hajamaliza kufungua kamba, vijana wanne walikwishasimama nyuma ya gari na tochi za simu, na mama wa nyumba ya pili ameleta ndoo ya maji. Hakuna aliyeuliza tunatoka wapi mpaka kitanda cha mwisho kilipoingia ndani. Tulikuwa tumeishi Mabibo miaka minane na majirani tuliwajua kwa sauti za redio zao. Sisemi watu wa Mabibo ni wabaya. Kila mmoja alikuwa anawahi gari, na sisi pia.

Tangu hapo ndugu na marafiki wananipigia na swali lilelile: "Huko kiwanja bei gani?" Nawajibu, ila najua wameanzia mwisho. Kiwanja cha bei nafuu kwenye mtaa ambao hakuna atakayekushika mkono ukiugua usiku ni mzigo. Mambo ya kutazama kwanza ni mawili: barabara utakayoipita kila siku, na watu utakaowakuta ukishuka kituoni. Mwongozo huu nauandika kwa mtu wa Dar es Salaam ambaye bado ana jambo linalomrudisha jijini, iwe kazi, duka, mzazi au kliniki.

Hatua ya kwanza: hesabu siku, kisha chagua barabara

Chukua daftari uandike kila safari iliyokupeleka mjini mwezi uliopita. Usiandike unazodhani, andika ulizokwenda kweli. Kazini mara ngapi, Kariakoo kufuata mzigo mara ngapi, Muhimbili na mzee mara ngapi. Fanya hivyo kwa kila mtu wa nyumbani. Baba anaweza kuwa anakwenda mjini mara mbili kwa wiki huku binti akisoma chuo kila siku, na hapo anayepaswa kuchagua mji ni binti.

Ukishapata idadi, tazama kazi yenyewe iko upande gani wa jiji. Dar ina milango minne mikubwa ya nchi kavu, na kila mlango una miji yake. Barabara ya Morogoro inakupeleka Kibaha na Mlandizi. Barabara ya Bagamoyo inapita Mwenge, Tegeta na Bunju hadi Bagamoyo. Barabara ya Kilwa inapitia Mbagala kwenda Vikindu na Mkuranga. Ya Pugu inapita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto mpaka Kisarawe. Mtu anayefanya kazi Kurasini akijenga Bagamoyo atalivuka jiji zima mara mbili kila siku, na jiji halivukiki kwa urahisi. Wa Mikocheni akienda Mkuranga ni hivyohivyo. Chagua barabara kabla ya kuchagua mji. Hapo utakuwa umepunguza nusu ya kazi.

Kisha piga hesabu ya pesa. Tuseme daladala mbili na bodaboda vitakula shilingi 7,000 kwa siku, na zamani ulikuwa unatumia 2,000. Kwa siku 22 za kazi, 44,000 imekuwa 154,000. Nyongeza ni 110,000. Kama kodi ya nyumba imepungua kwa 80,000 tu, umehama kwa hasara, na bado hujahesabu usingizi. Huenda ukaridhika kulipa hiyo tofauti kwa ajili ya hewa na nafasi ya watoto kucheza, mimi niliridhika, lakini iwe umeijua kabla.

Hatua ya pili: ijue miji yenyewe

Kibaha iko kama kilomita 40 kutoka katikati ya Dar na ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Tumbi, iko hapohapo. Shirika la Elimu Kibaha lilianza miaka ya 1960 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Skandinavia pamoja na Finland, na shule zake zimeleta walimu na familia kutoka kila pembe ya nchi. Kwa hiyo Kibaha ni mji wa wageni waliokaa: mtumishi mstaafu kutoka Kagera, mwalimu kutoka Iringa, Mzaramo aliyezaliwa hapo, fundi wa kutoka Lindi. Faida yake ni kwamba hakuna anayekuona mgeni kwa muda mrefu. Upungufu wake ni kwamba mitaa mipya, ile yenye nyumba za geti na ukuta mrefu, inaanza kufanana na Dar: watu wanaondoka alfajiri na kurudi usiku. Ukitaka majirani, tafuta mitaa iliyokaliwa zamani kidogo, yenye genge, msikiti au kanisa, na shule ya msingi ambayo watoto wanaiendea kwa miguu. Kupanuliwa kwa barabara kutoka Kimara hadi Kibaha kuwa njia nane kumeokoa muda mwingi. Foleni unaikuta ukishaingia jijini.

Bagamoyo ni habari nyingine kabisa. Iko kama kilomita 70, na ulikuwa mji tangu zamani: mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891, misheni ya Kikatoliki tangu 1868. Leo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, soko la samaki, majahazi, na Mji Mkongwe wenye baraza za kukalia. Watu wake wana mizizi. Hawakupokei kwa kelele. Wanakutazama kwanza unavyosalimia. Ukipita mbele ya wazee waliokaa barazani bila salamu, habari zako zitatangulia kufika nyumbani kabla yako. Ukisalimia, ukauliza hali, ukakaa hata dakika tano, utashangaa jinsi milango inavyofunguka. Mnyamwezi akihamia huko atakuta utani umemtangulia, ule wa enzi za misafara, na atataniwa mpaka kwenye msiba wake mwenyewe. Kwa anayekwenda Dar mara moja au mbili kwa wiki sijui mji ulio bora kuliko huu. Kwa wa kila siku, kipande cha Tegeta hadi Mwenge kitamchosha.

Hapa tahadhari: matangazo yanayosema "viwanja Bagamoyo" mara nyingi yana maana ya wilaya. Mapinga, Kerege na Zinga viko wilaya ya Bagamoyo lakini mjini bado ni mwendo. Hakuna ubaya kuishi Mapinga, tena ni karibu zaidi na Dar, ila hutakuwa unaishi kwenye mji ule wa baraza na samaki uliokuvutia. Kibaha ni hivyohivyo. "Dakika tano kutoka barabara kuu" ni dakika tano za bodaboda asiye na abiria, wakati wa kiangazi.

Kisarawe ni mji mdogo kweli, juu ya vilima, karibu na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Kwa miaka mingi tatizo lake lilikuwa maji. Mwaka 2020 mradi wa DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ulifikisha maji ya Ruvu hapo mjini, na tangu hapo watu wanautazama kwa jicho jipya. Biashara bado ni chache. Mkuranga ina mashamba ya korosho na mihogo upande mmoja, viwanda upande mwingine, na inamfaa anayefanya kazi Mbagala au Temeke.

Na Morogoro? Tangu treni ya SGR ianze Juni 2024 watu wanaizungumzia kama kitongoji cha Dar. Mji Kasoro Bahari ni mzuri, milima ya Uluguru iko mlangoni, na safari ni chini ya saa mbili. Lakini nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000, na kwa siku 22 ni 572,000. Ongeza gari la kutoka stesheni kila upande. Morogoro inamfaa anayeingia Dar mara mbili au tatu kwa mwezi. Kwa wa kila siku sishauri.

Hatua ya tatu: nenda mara tatu, na usiende Jumamosi mchana

Mimi nilikwenda Jumamosi mchana. Nilipanda gari Mbezi nikakaa kiti cha dirishani, upepo unapuliza, nikafika nimepumzika. Jumatatu ya kwanza baada ya kuhama nilisimama mguu mmoja mpaka mjini.

Safari ya kwanza iwe ya kulala. Tafuta nyumba ya wageni kwenye mji huo Jumapili jioni, amka saa kumi alfajiri, uwe kituoni saa kumi na moja. Panda gari mpaka kazini kwako kama vile umeshahamia. Andika saa uliyotoka kitandani na saa uliyofika. Jioni rudi kulekule, kwa sababu jioni ndiyo yenye mtihani: magari yanakatisha ruti, watu wanagombania mlango, na konda anakataa wanafunzi. Kama una binti anayesoma mjini, simama kituoni uangalie wanafunzi wanavyopata gari. Hilo litakueleza mengi kuliko dalali.

Safari ya pili iwe wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, siku mvua inaponyesha au kesho yake asubuhi. Tembea kwa miguu kutoka lami hadi mtaa unaoutaka. Angalia maji yanapita wapi, ukuta wa nani una alama ya tope, daraja lipi la magogo limeondoka. Waulize bodaboda: "Hapa mvua ikinyesha mnafika?" Bodaboda anajua kila kona isiyopitika kwa sababu pikipiki yake ndiyo inayozama.

Ya tatu ni ya jioni ya siku ya kawaida, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Hii ndiyo ya kupima watu.

Hatua ya nne: pima upole wa mtaa

Watu wengi hapa hukisia tu. Wanasema "watu wa kule wakarimu" kwa sababu walichekewa na mwuza maji. Upole wa mtaa una dalili zinazoonekana, na nitaeleza nilizojifunza kuziangalia.

Kaa kwenye kijiwe cha kahawa au kwa mama anayekaanga mihogo. Nunua kitu, usiwe na haraka. Sikiliza wanavyoitana. Mtaa ambao watu wanaitana "Mama fulani", "Baba fulani" ni mtaa ambao wanajua nani ana watoto gani. Angalia watoto: wakimpita mtu mzima wanampa shikamoo? Na mtu mzima asiye mzazi wao akiwakataza kucheza barabarani, wanamsikia? Pale ambapo mtoto wa mtu anaweza kukanywa na jirani na mzazi akashukuru, hapo mtoto wako atakuwa salama ukichelewa foleni.

Kisha uliza maswali matatu. La kwanza: "Hapa mkifiwa mnafanyaje?" Ukijibiwa kwamba kuna daftari, kila nyumba inatoa kiasi fulani, vijana wanachimba kaburi na akina mama wanapika, umepata jibu. Ukijibiwa "kila mtu na ndugu zake," nalo ni jibu. La pili: "Nani amehamia karibuni?" Mtafute huyo mtu uzungumze naye peke yake. Mwenyeji atakusifia mji wake, ni haki yake. Aliyehamia mwaka jana atakwambia alichokutana nacho. La tatu: "Watu hapa hugombania nini?" Kila mtaa una ugomvi wake. Kama ni kuku kuingia kwenye bustani au zamu ya maji, mshukuru Mungu. Kama ni mipaka ya viwanja, na kila uliyemuuliza anashusha sauti, subiri kwanza.

Mtembelee pia mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hata kama bado hujaamua. Muulize lini mkutano wa mtaa ulifanyika mara ya mwisho na kama mapato na matumizi yalisomwa. Muulize kuhusu ulinzi shirikishi. Simaanishi umhoji kama askari. Kaa, pokea maji, zungumza. Kiongozi anayekupokea vizuri kabla hujawa na manufaa kwake ndiye utakayemhitaji siku ukipata shida.

Jambo moja zaidi, na nalisema kwa wanawake wenzangu hasa walio peke yao: waulize wanawake. Mwenye genge, mwenye saluni, muuguzi wa zahanati. Muulize kama anatembea saa mbili usiku kutoka kituoni. Mume wangu aliambiwa na wanaume wa mtaa mmoja kwamba hapo ni shwari kabisa. Dada wa saluni akaniambia nisithubutu kupita karibu na pagala lililo nyuma ya shule. Tuliuacha mtaa ule.

Hatua ya tano: maji, umeme, zahanati na shule

Fungua bomba kwa mkono wako. Bomba kuwepo si sawa na maji kutoka; uliza yanatoka siku zipi, na kama nyumba ina simtanki ya lita ngapi. Kama ni kisima, onja: maeneo mengi ya Pwani yana maji ya chumvi. Umeme uliza kama nyumba ina LUKU yake au mnachangia mita moja na wapangaji wengine, maana mita ya kuchangia imevunja ujirani mwingi.

Zahanati iendee usiku uone kama kuna mtu. Ukiwa na bima, hakikisha kadi yako inapokelewa hapo. Shule ipitie wakati wa kutoka, sio ofisini tu. Uhamisho wa mtoto anza kuushughulikia wakati wa likizo, ukiwa na namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, na barua ya mwalimu mkuu wa shule anayotoka.

Hatua ya sita: panga kwanza, hata kama pesa ya kiwanja unayo

Hapa ndipo ninapobishana na watu wengi, na sibadilishi msimamo. Panga nyumba mwaka mmoja. Mwaka utakupitisha masika, kiangazi, vuli, Ramadhani, Krismasi, Januari ya ada na angalau msiba mmoja. Ukimaliza huo mwaka utajua mtaa upi unaupenda, na mara nyingi hautakuwa ule uliopanga.

Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka, na dalali anataka ya kwake, kwa kawaida sawa na kodi ya mwezi mmoja. Mtaje mwenye nyumba kwa jina mbele ya mjumbe kabla ya kutoa hata shilingi. Andikishaneni mkataba, muweke ndani yake nani anatengeneza paa, nani analipia kuvuta choo kikijaa, na notisi ni ya muda gani.

Wakati wa kununua ukifika, kumbuka kuna sheria mbili za mwaka 1999: Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5. Eneo likiwa kijiji, halmashauri ya kijiji ina neno. Likiwa limepimwa mjini, kuna namba ya kiwanja, na unaweza kuomba upekuzi ofisi ya ardhi kujua limesajiliwa kwa nani na kama lina mkopo juu yake. Barua ya mwenyekiti yenye muhuri ni ushahidi wa mauziano. Haigeuki kuwa hati miliki. Mke au mume wa muuzaji awepo na atie saini. Kisha zunguka mipaka pamoja na majirani wa pande zote nne, wao ndio waseme "bikoni ni hii," usiambiwe na muuzaji peke yake.

Sisi tuliponea hapo. Tulioneshwa kiwanja kizuri, chenye mwembe, tukakubaliana bei. Nilimsalimia tu bibi wa jirani, nikamwambia tutakuwa majirani. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, wewe ni wa tatu kuniambia hivyo mwaka huu." Yule dalali hatukumuona tena. Bibi tulimfuata na kanga mbili na sukari, na mpaka leo watoto wangu wanamwita bibi.

Hatua ya saba: kuhamia na miezi mitatu ya kwanza

Kwa mjumbe uende wiki ya kwanza ukaandikishwe. Nunua nyanya na vitunguu kwa genge la mtaani hata kama Kariakoo ni nafuu. Genge ndilo linalokutambulisha. Watoto waache watoke nje. Msiba wa kwanza ukitokea, nenda, hata kama humjui marehemu. Akina mama wakaribie jikoni kumenya na kuosha, wanaume wakae na wenzao chini ya turubai. Toa mchango uandikwe kwenye daftari. Nilimenya viazi kwenye msiba wa mzee ambaye sikuwahi kumuona, na jioni ile nilijua majina mengi kuliko niliyoyajua miezi miwili yote kabla.

Usianze sentensi na "sisi kule Dar". Usiwafundishe watu namna ya kuishi kwao. Ukialikwa kikoba, sikiliza mikutano michache kabla ya kuweka pesa.

Kuna watu ambao nawaambia wasihame kwanza: anayeuguza mtu anayehitaji hospitali kubwa kila wiki, anayetoka kazini saa nne usiku bila usafiri wake, na anayehama ili akimbie madeni au ugomvi wa ndoa. Hao wanahitaji kuwa karibu na watu wanaowajua tayari.

Siku ya kuhama, panga gari lifike kabla ya saa kumi jioni, watu wakiwa nje na jua lingalipo. Weka sufuria, sukari na majani ya chai kwenye mfuko wako wa mkononi, usiviache chini ya mzigo. Atakayekuja wa kwanza, awe ameleta maji au amekuja kutazama tu, mkaribishe chai hata kama ataikunywa amesimama, na umuulize mtoto wake wa kwanza anaitwa nani, maana ndilo jina utakalomwitia.